Kiganja Mbele ya Projekta: Wanafunzi wa Sekondari Wapelekwe Sinema?

Nilipokuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya bweni, tuliwahi kuazima projekta tukaonyesha filamu bwaloni Jumamosi usiku. Meza zilisogezwa pembeni, shuka jeupe likatundikwa ukutani, kidato cha tano na cha sita wakajazana kwenye mabenchi mpaka mlangoni. Mambo yalikwenda salama hadi pale mwanamume na mwanamke walipoanza kusogeleana. Bwalo zima likalipuka kwa miluzi. Mwalimu wa zamu akaruka kutoka kitini na kuiziba lenzi kwa kiganja. Ukutani kukabaki kiza chenye wekundu kidogo kandokando ya vidole vyake, huku sauti za wale wawili zikiendelea kutoka spikani, jambo lililofanya mambo yawe mabaya zaidi. Alipotoa mkono, watu walikuwa wanakunywa chai.

Jumatatu niliingia darasani nikaendelea na tamathali za semi. Hakuna aliyeigusa ile filamu, na wa kwanza kutoigusa nilikuwa mimi.

Nimekikumbuka kiganja kile kwa sababu swali la kuwapeleka wanafunzi wa sekondari sinema, kama ziara ya kimasomo, huwa linarudi kila inapotoka filamu inayogusa mambo wanayosoma. Kwetu hakuna mfano mzuri kama Vuta N'Kuvute. Riwaya hiyo ya Adam Shafi ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita wameitolea jasho kwenye mitihani ya fasihi. Amil Shivji akaitengenezea filamu, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2021. Kisa chenyewe ni cha Unguja ya miaka ya 1950: Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume wa makamo, anaikimbia ndoa, anahamia mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru na kuwindwa na polisi wa mkoloni.

Mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake ana hoja nzito. Kijana wa Sumbawanga au Kahama anatakiwa aandike aya nzima kuhusu mandhari ya riwaya hiyo ilhali hajawahi kuona uchochoro wa Mji Mkongwe wala watu waliokaa barazani jioni. Mimi niliwahi kutumia kipindi kizima kuchora baraza ubaoni. Ilifanana na jeneza. Filamu inamaliza kazi hiyo kwa sekunde mbili, tena na lafudhi ya Kiunguja juu yake, na taarabu, na buibui linavyotembea.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Wanafunzi wetu wengi wanamjua Denge kutoka kwenye vitini vilivyotolewa kopi: Denge ni mzalendo, Denge ni jasiri, Denge ana mapenzi ya kweli. Mtu mzima amekatwakatwa vipande vya kukariri. Kumwona akitoka jasho, akiogopa, akimtazama mwanamke kwa namna ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya sifa za mhusika, kunamrudisha kuwa mtu.

Upande wa pili nao una hesabu zake, na ni hesabu kwelikweli. Tukisie. Darasa la wanafunzi 45 kutoka nje kidogo ya Dar es Salaam: tiketi ya shilingi 10,000 kila mmoja ni 450,000; Coaster mbili za kukodi, tuseme 200,000 kila moja, ni 400,000; chakula cha 3,000 kwa kichwa ni 135,000. Jumla 985,000, yaani karibu 22,000 kwa mwanafunzi. Sasa tukadirie nakala moja ya riwaya kuwa shilingi 15,000. Kwa fedha ya safari hiyo moja shule inanunua nakala 65. Kila mwanafunzi wa darasa lile angepata kitabu chake, na 20 zingebaki maktabani kwa watakaofuata. Katika shule ambazo wanafunzi sita wanagombea nakala moja iliyochanika jalada, mwalimu mkuu anayepinga ziara hahitaji kusema neno la ziada.

Na fedha hiyo inatoka wapi? Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na tangu hapo hata mkuu wa shule mwenye moyo wa kujaribu mambo huwaza mara mbili kabla ya kutuma barua kwa wazazi. Ada yenyewe ilikwisha kuondolewa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022, kwa hiyo ziara ya kuchangia inarudisha kwa mlango wa nyuma kile kilichotolewa kwa mlango wa mbele. Ikiwa ya hiari, basi litaondoka na watoto wa wenye nazo. Wengine watabaki paredi wakipunga mikono, na wiki inayofuata mwalimu atafundisha darasa ambalo nusu yake imeona na nusu haijaona. Hapo filamu imeongeza pengo ambalo kitabu, kwa ubovu wake wote, kilikuwa hakijalifikisha hapo.

Barabara nayo. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema na shule nyingine. Mzazi wa Arusha akisita kutia saini fomu ya ruhusa, sioni wa kumcheka.

Hoja ya kwamba filamu itaua usomaji naiona dhaifu kuliko inavyotangazwa. Ni kweli kwamba filamu ya takriban saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya yote, na mwanafunzi mvivu atamjibu mtahini kwa mambo aliyoyaona ukumbini. Lakini huyo mwanafunzi mvivu alikwisha kuacha kitabu zamani, akahamia kwenye vitini. Kinachonisumbua ni kingine: ukishamwona Yasmini wa kwenye kioo, Yasmini wako uliyekuwa umemjenga kichwani anaondoka na harudi. Ndiyo maana nasisitiza kitabu kitangulie, sinema ifuate. Mwanafunzi aliyesoma anaingia ukumbini na Yasmini wake, anagombana na wa Shivji, na ugomvi huo ndio uhakiki.

Kisha kuna maadili, ambako ndiko makelele yalipo. Wazazi wengi hawataki mtoto akatazame mapenzi kwa baraka ya shule. Jibu la haraka la vijana wa mjini ni kwamba hao watoto wameshaona makubwa zaidi kwenye simu na kwenye vibanda umiza vya video, kwa hiyo tunaficha nini? Jibu hilo lina ukweli lakini linakosa adabu ya kusikiliza. Mzazi anajua simu ipo. Anachokataa ni muhuri wa shule. Bodi ya Filamu ya Bara na BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, zina kazi ya kukagua na kupanga filamu kwa umri, na shule inayowapeleka watoto kwenye filamu iliyowekewa umri wasioufikia haina utetezi wowote. Ila idhini ya bodi haiwezi kumwambia mwalimu afanye nini miluzi ikianza.

Kisa ninachokitumia kila nikibishana na walimu wenzangu kuhusu jambo hili kilitokea Marekani. Tarehe 17 Januari 1994, sikukuu ya Martin Luther King, wanafunzi kama 70 wa Castlemont High School ya Oakland, California, walipelekwa Grand Lake Theatre kutazama Schindler's List, filamu ya Steven Spielberg kuhusu mauaji ya Wayahudi wakati wa Hitler. Ni filamu ya zaidi ya saa tatu, sehemu kubwa haina rangi. Ratiba ya siku ile ilikuwa wakitoka hapo wakateleze kwenye barafu, na hicho ndicho wengi walichokuwa wanakingojea. Wengi wao walikuwa watoto weusi na wa asili ya Amerika Kusini, kutoka mtaa wenye bunduki nyingi. Maandalizi ya darasani yalikuwa haba.

Kuna tukio ambapo afisa wa kambi anaamuru mhandisi mwanamke apigwe risasi ya kichwa. Anaanguka kwenye theluji. Baadhi ya wanafunzi wakacheka. Watu waliolipa tiketi zao wakalalamika, mwenye jumba akasimamisha filamu na kuwatoa kundi zima, na waliobaki wakawapigia makofi ya kuwasindikiza. Habari ikaenea nchi nzima: watoto waliocheka mauaji ya Wayahudi.

Wapinzani wa ziara hukiona kisa hiki kama ushahidi uliofungwa: haya ndiyo matokeo ya kuwatoa watoto darasani. Watetezi huendelea na kisa mpaka mwisho, kwa sababu baada ya aibu ile manusura wa mauaji walikuja shuleni kuzungumza na wanafunzi, masomo yakaandaliwa, na Aprili mwaka huohuo Spielberg mwenyewe akafika shuleni, akifuatana na Gavana Pete Wilson. Wote wana haki yao. Mimi hubaki kwenye kicheko chenyewe. Baadhi ya wale vijana walieleza baadaye kwamba mtu kupigwa risasi lilikuwa jambo walilolizoea mtaani kwao. Ukilisikia hilo, kicheko kinaacha kuwa dharau tupu na kuwa habari, tena habari nzito kuhusu watoto wenyewe, ambayo hakuna mtihani wa historia ungeitoa. Darasani mwanafunzi anajua uso upi wa kumwonyesha mwalimu. Gizani, katikati ya wenzake, uso huo anauvua.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya sinema kwa shule, na hapohapo ndipo hatari yake. Miluzi ya bwaloni kwetu ilikuwa habari pia. Ilitueleza vijana wa miaka 18 na 19 wanavyoona aibu wakiona mahaba mbele ya walimu wao, wavulana wanavyoilinda aibu hiyo kwa kelele, wasichana wanavyoinamisha vichwa. Tungeweza kuitumia kumsoma Yasmini, ambaye kisa chake chote ni mwanamke anayetazamwa na mtaa. Tulichofanya ni kuweka kiganja.

Desturi hiyo tumeirithi. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za Carnegie Corporation, taasisi ya hisani ya Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 hivi na kuzungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na makoloni ya kusini, maelezo yakitolewa kwa spika, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha. Mada zilikuwa safura, kodi, kahawa, kuweka akiba posta. Mtazamaji hakuulizwa kitu. Alionyeshwa namna ya kuishi. Sisemi hazikuwa na faida, safura ni safura. Lakini tangu hapo filamu ikiingia kwenye elimu yetu inadaiwa ujumbe, na mwanafunzi akitoka ukumbini anaulizwa umejifunza nini, naye kwa uzoefu anatoa jibu linalotakiwa: nimejifunza kuwa mapenzi ya kweli hushinda. Shilingi 22,000 kwa sentensi hiyo ni ghali mno.

Wafaransa, ambao sinema kwao ni karibu dini, wana mpango wa wanafunzi wa sekondari ya juu kutazama filamu tatu kwa mwaka, saa za masomo, katika jumba la sinema la karibu. Walimu huziona kabla na kupewa mafunzo na kijitabu cha kila filamu. Fedha za umma zinabeba sehemu kubwa ya mzigo. Hatuna uwezo huo, na majumba yetu ya kisasa yamejikusanya kwenye miji michache. Ninachowaonea wivu ni idadi, tatu kwa mwaka. Filamu moja katika maisha yote ya shule ni sherehe, na kwenye sherehe watu hupiga miluzi. Ya tatu watu hukaa na kutazama.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuwapeleka, kwa masharti yatakayowaudhi baadhi ya wanaoniunga mkono. Shule isiyo na vitabu inunue vitabu kwanza. Shule iliyo mbali ilete projekta bwaloni na kusahau Coaster. Kitakachopotea ni ukubwa wa kioo na bisi, na giza litabaki lilelile. Wa Unguja wana bahati ya tamasha la filamu la ZIFF pale Ngome Kongwe, waitumie. Mwalimu aione filamu peke yake mapema, na akiona kipande ambacho hataweza kukizungumzia kesho yake mbele ya darasa, achague filamu nyingine. Kesho yake kuwe na vipindi viwili mfululizo bila kuandika notisi, na swali la kwanza liwe: mlicheka wapi?

Miaka kadhaa baada ya usiku ule wa bwaloni nilikutana na mmoja wa wanafunzi wale, sasa baba wa watoto wawili, kwenye foleni ya benki. Tulisalimiana, akaniamkia, tukakumbushana. Jina la filamu alikuwa amelisahau, nami pia. "Hivi mwalimu," akaniuliza, "pale nyuma ya mkono kulikuwa na nini?"

Nikamwambia sijui. Na mimi nilikuwa natazama mkono.