Nazunguka kwa Ajili ya Mbu

Mimi nakaa Kamwokya, hapa Kampala, kazi yangu iko Nakasero. Kwa kaloli, yule korongo mla taka, hiyo si safari. Anapiga mbawa mara chache, anatua juu ya jalala la ofisi yetu, na mimi nikifika nakuta ameshastaftahi. Mimi lazima nizunguke. Kati yangu na mshahara wangu kuna bonde la Kitante, na bondeni humo kuna uwanja wa gofu wa mashimo 18, kila shimo na bendera yake kama ubalozi, na majani yaliyonyolewa vizuri kuliko kichwa changu. Kukatiza siwezi. Kale kampira ni kagumu kama jiwe, tena kanakuja bila honi.

Basi kila asubuhi nashuka Kira Road, napita Makumbusho, naingia Yusuf Lule Road, nafuata ukingo wa uwanja kama ng'ombe anayetafuta upenyo kwenye boma. Marehemu Lule mwenyewe alikuwa rais wa Uganda siku 68 tu, mwaka 1979. Kuna siku za mvua nimekaa ndani ya teksi kwenye barabara yake, mfereji umefurika, kondakta anadai nauli ya pili, nikaona yule mzee aliondoka haraka kuliko sisi.

Miaka yote nilidhani uwanja huo uko hapo kwa uroho wa ardhi. Kumbe ni mbu!

Alinieleza jirani yangu, mwalimu wa historia, mtu anayekopa chumvi na kulipa kwa maarifa. Anasema mwaka 1913 serikali ya London ilimtuma Profesa William Simpson, bingwa wa usafi wa miji na mtaalamu wa tauni, aje akague miji yetu. Profesa akatazama, akashauri hivi: Wazungu wakae kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati uachwe ukanda mtupu usio na nyumba, ili maradhi yetu yasiwafikie wao. Mbu aliyeninyonya mimi eti achoke njiani. Sasa, ukanda mtupu unaota magugu, na magugu yanataka kufyekwa. Ukiweka gofu hapo, unafyeka huku unacheza. Ndivyo uwanja wa gofu wa Kampala ulivyokuwa sehemu ya ukanda ule.

Kwa hiyo mimi, mlipa kodi wa karne hii, navaa soli za viatu kwa sababu ya mbu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Na viatu vyenyewe nimekopa.

Ningevumilia kama bosi wangu asingeanza kucheza. Siku hizi Ijumaa mchana haonekani. Ukimuuliza karani wa mapokezi, anakujibu kwa heshima kama anayetangaza msiba: "Bosi yuko uwanjani." Karatasi zinalala. Mwezi uliopita nilikuwa na faili moja tu la kutiwa sahihi, ndani yake mna posho yangu ya safari, nikaambiwa nimfuate klabu Jumamosi. Jina la klabu silitaji. Wao wana mawakili, mimi nina mwenye nyumba.

Getini askari akanitazama kuanzia chini, akafika shingoni, akakwama.

"Ssebo, kola iko wapi?"

Nilikuwa nimevaa fulana mpya kabisa, ya harusi ya dada yangu, ina picha ya maharusi kifuani. Haikuwa na kola. Nikamwambia bwana harusi pale pichani anayo kola, akacheka vizuri, geti hakufungua.

Bahati mjomba wangu ni kedi. Anabeba mabegi ya fimbo tangu mimi nikiwa nanyonya huko Bombo, kwenye kambi ya jeshi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kimenyooka kama gwaride. Ndicho kinachomlisha: maafisa wastaafu wanapenda kuitwa "afande" na mtu anayejua kuitamka. Akanivuta upande, akanivika ovaroli ya kijani yenye namba mgongoni. Namba 41. Askari yuleyule akanifungulia, tena akaniambia niharakishe.

Mjomba alinieleza tukitembea kwamba klabu ya Entebbe ilianza mwaka 1901, Entebbe ikiwa makao ya serikali ya kikoloni, na zama zile Mwafrika aliingia viwanjani akiwa na begi la mtu begani. Nikajitazama. Begi la mtu lilikuwa begani. Maana bosi wangu, tuliyeshirikiana lifti miaka sita, aliniona, akaninyooshea begi lake, akaendelea na simu.

Nilibeba, na faili kwapani.

Huo mchezo nimeuchunguza kwa mashimo tisa na nina malalamiko. Kwanza, mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Ni kazi pekee niijuayo ambayo aliyefanya kidogo anapewa kombe, ndipo nikaelewa kwa nini wakurugenzi wanaipenda. Pili, kuna kitu kinaitwa handikapu. Ukiwa mbovu, unapunguziwa mapigo ili usiaibike mbele ya wazuri. Ofisini kwetu ukiwa mbovu unapewa barua, na aliyeisaini barua yangu ndiye huyu anayepunguziwa mapigo 24.

Tatu ni Jinja. Mjomba anasema klabu ya kule ina sheria yake: kiboko akitoka ziwani usiku kula majani, mpira wako ukatumbukia kwenye unyayo wake, unauokota na kuuweka kando bila adhabu. Nilisimama kabisa. Mimi hutumbukia kwenye mashimo ya barabara kila wiki, mashimo ambayo hata kiboko hahusiki, na sijawahi kuokotwa.

Wascoti wenyewe, wenye mchezo, mfalme wao aliupiga marufuku mwaka 1457 kwa sababu watu waliacha mazoezi ya upinde. Mtu mwenye akili.

Kwenye shimo la tisa bosi aliukosa mpira akauchimba udongo. Nikaona huo ndio wakati.

"Bosi, samahani, kuna sahihi hapa."

"Namba 41, kedi haongei mtu anapopiga."

"Bosi, ni mimi. Wa hesabu."

Akanitazama muda mrefu, kama anayetafuta mpira kichakani. Kisha akasaini juu ya mgongo wangu, palepale kwenye namba, na akanipa elfu tano. Nilizichukua. Msinitazame hivyo, ninyi pia mngechukua.

Jioni wakaketi barazani, shimo la 19 wanaliita, ndilo pekee ambalo sikuona mtu akilikosa. Sisi makedi tulikuwa chini ya mti, tunakula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Giza likaingia. Nikamwona bosi anajipiga kofi shingoni, paa! Halafu mguuni. Mjomba akatikisa kichwa, akameza tonge.

"Huyo," akasema, "kavuka."

Wiki mbili baadaye bosi hakuja kazini. Malaria. Karani wa mapokezi akatangaza kwa sauti ileile, safari hii ikamfaa. Amelala nyumbani kwake Kololo, ng'ambo ya uwanja, na anataka faili zote za wiki zipelekwe kitandani. Gari la ofisi liko gereji. Posho niliyosainiwa mgongoni bado haijatoka, mtia sahihi wa pili naye ameanza gofu.

Nilisimama kwenye dirisha la ofisi, mzigo wa faili mikononi, nikalitazama paa la nyumba yake kule juu ya miti, na bonde lile zuri limelala katikati, kijani, tupu, halina mtu. Kaloli mmoja akapita juu yangu kuelekea kulekule.

Nikashuka ngazi, nikaanza kuzunguka.