Kabla ya Bei ya Chapa, Uliza Kitambaa

Msimu wa kampeni ukifika Uganda, Nasser Road, barabara ya wachapaji mjini Kampala, hailali. Njano, nyekundu, bluu, kijani. Kila chama na rangi yake, na kila mgombea anataka mzigo wake wa fulana kabla ya mkutano wa Jumamosi. Miezi michache baadaye utaziona fulana zile zile kwa waendesha boda mjini Kampala, uso wa mgombea umebanduka nusu, jina limebaki herufi tatu. Watu husema wino ulikuwa feki. Mimi ninayeishi kwa kazi hii ya kuchapa fulana nasema mara nyingi wino hauna kosa lolote. Kosa ni kwamba kazi ilipokelewa bila mtu kuuliza fulana ni za kitambaa gani.

Chukua plastisoli, wino unaopendwa na wachapaji wengi. Ni unga laini wa plastiki ya PVC uliochanganywa na mafuta ya kuilainisha. Hauna maji, kwa hiyo haukauki kwa upepo wala kwa jua. Unaweza kuuacha kwenye fremu, ile yenye wavu ambao wino hupitishwa kwenda kwenye fulana, usiku kucha na asubuhi ukaendelea na kazi. Unachotaka ni joto. Tabaka lote, kuanzia juu mpaka pale linapogusana na uzi, lazima lifike kama nyuzi 160 za Selsiasi ndipo liyeyuke na kushikamana. Tatizo ni kwamba kabla ya kufika huko, juu huwa pakavu tayari. Ukipapasa kidole hakinati, fundi anasema, "Bosi, mzigo tayari," kumbe ndani bado mbichi. Fulana kama hiyo itapasuka ikifuliwa mara chache tu. Kipimo ni rahisi: ikishapoa, ivute kwa mikono miwili. Chapa iliyoiva inavutika na kurudi, mbichi inapasuka mbele ya macho yako. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na sioni sababu ya mteja kubeba mzigo kabla hakijafanywa.

Sasa lete fulana ya poliesta nyekundu na maandishi meupe, kazi ambayo hata mafundi wazuri wanaiogopa. Joto lile lile linaloivisha wino kwenye pamba ndilo linaloharibu hapa. Rangi inayotiwa kwenye poliesta ikipata joto kali hugeuka mvuke, ikapanda na kuingia ndani ya wino. Mweupe unakuwa waridi. Na haitokei palepale kila mara; unaweza kufunga mzigo ukiwa safi, mteja akaufungua siku kadhaa baadaye akakuta waridi tupu. Dawa ipo: wino wa poliesta uliotengenezwa kuzuia rangi isipande, au ule unaoiva kwenye nyuzi kama 130, na kwa vitambaa vikorofi tabaka la kijivu chini ya nyeupe. Halafu fulana zipoe kwanza ndipo zipangwe, maana rundo la moto huendelea kujipika lenyewe. Haya yote ni gharama. Mteja anayedai bei ya pamba nyeupe kwa jezi nyekundu anaagiza waridi bila kujua, na mchapaji anayekubali anajua vizuri.

Kwa pamba, moyo wangu uko kwenye wino wa maji. Unazama ndani ya uzi, hauachi bamba la plastiki kifuani, na kwa mtu anayeshinda juani Gulu au Arua tofauti anaihisi mwilini. Ila ni wino mkorofi: unakauka ndani ya wavu ukizubaa, na msimu wa mvua unachelewa kukauka kwenye fulana. Jua peke yake halitoshi hata huu. Bila joto la pasi au mashine, utaondoka na maji ya kufulia. Tena kwenye fulana nyeusi unazama na kupotea. Hapo wapo wanaotumia wino unaong'oa rangi ya kitambaa na kuweka yake mahali pake. Matokeo ni mazuri sana, lakini ni kwa pamba tu, tena si kila pamba, na harufu yake ni kali. Chumba kisicho na madirisha si mahali pake.

Wavu nao una neno lake. Nyeupe juu ya nyeusi inataka wavu wa matundu mapana, 43T kwa mfano, yaani nyuzi 43 kwa kila sentimita, wino upite wa kutosha; maandishi madogo yanataka 77T au zaidi. Naironi, ya makoti ya mvua na miavuli, inataka wino uliochanganywa na kigumishi chake, la sivyo utaubandua kwa ukucha.

Lebo za shingoni msiziamini sana. Chomoa uzi kwenye pindo la ndani uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko, na utendee kama poliesta.

Na vijana wanaopaka emulsheni ya daikromati (dawa inayopakwa kwenye wavu kutengeneza umbo la chapa) mikono mitupu, waajiri wao wawape glavu. Kemikali ile inasababisha saratani. Kuimwaga mtaroni ni kuipeleka mfereji wa Nakivubo, na Nakivubo inaishia Ziwa Victoria.

Ninachodai ni kidogo. Risiti ya chapa iandikwe kitambaa, aina ya wino, na jinsi ya kufua: geuza ndani nje, usipitishe pasi juu ya chapa. Mteja asiyepewa maneno hayo asilipe salio. Na mchapaji asiyeweza kuyaandika aikatae kazi, hata kama anayeagiza ni mheshimiwa.