Juan Uslé, na kuta tunazozihitaji Pangani

Juan Uslé, mchoraji wa Uhispania, huchora usiku, mji ukishatulia. Anaweka burashi yenye rangi nyeusi kwenye turubai, anausikiliza moyo wake, anaisogeza burashi kidogo na kuibonyeza, anangoja pigo linalofuata, anasogeza tena. Mstari ukifika ukingoni anaanza mwingine chini yake. Baadhi ya turubai hizo zina kimo cha mita 2.7 hivi, kwa hiyo mtu anayesimama mbele yake anatazama moyo wa mwenzake ulivyodunda usiku kucha. Mfululizo huo unaitwa Soñé que revelabas, yaani “Niliota unafichua”. Aliuanza mwaka 1997, na picha nyingi ndani yake amezipa majina ya mito.

Mimi ni mtu wa Tanga, ninaishi Madrid, kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Kila ninapotuma picha za Uslé kwenye kundi letu la familia, jibu linakuja lile lile: “Dada, hiyo sasa ni picha ya nini?” Halafu mmoja ataongeza kwamba hata mtoto wa chekechea angeweza.

Sikubaliani nao, na nasema hivyo kwa heshima zote. Bibi zetu wa pwani walisuka ukili wa ukindu, mweupe, wa zambarau, wa kijani, wakaushona ukanda kwa ukanda mpaka ukawa mkeka, na hakuna mgeni aliyeketi juu yake akauliza huo ni mkeka wa nini. Watu walitazama kama ukili umebana au umelegea, rangi zimepokezana vizuri au zimegombana, mkono wa msukaji ulitulia au ulikuwa na haraka. Uslé anatazamwa hivyo hivyo. Ukisogea karibu utaona mahali burashi ilipobonyeza na rangi ikakonda, mwanga ukapenya, kisha giza likarudi. Pigo moja halifanani na jirani yake. Macho ya kuona haya tunayo tangu utotoni. Tulichokosa ni mahali pa kuyatumia.

Maisha yake nayo yananigusa, kwa sababu naye ni mhamiaji. Alizaliwa mwaka 1954 Santander, kaskazini mwa Uhispania, penye bahari kali na mvua nyingi, akasomea sanaa Valencia. Mwaka 1987 alihamia New York pamoja na mkewe, mchoraji Victoria Civera. Basi akiwa kule, katikati ya majengo marefu, alichora nini? Alichora bahari ya kwao. Picha zake za miaka ile ni nzito na za giza, na nyuma yake ipo meli ya mizigo Elorrio iliyozama mwaka 1960 kwenye pwani ya Langre, yeye akiwa mtoto wa miaka 6. Meli haionekani kwenye picha. Kuna weusi, kuna mng'ao wa maji, kuna kitu kinachovuta chini. Baadaye rangi zilifunguka, yakaja manjano, mekundu, mistari inayokatana kama njia za treni za chini ya ardhi, lakini ile giza haikuondoka kabisa. Anayeishi mbali na kwao atanielewa nikisema kwamba kumbukumbu za nyumbani huwa hazina sura kamili. Mimi nikiikumbuka Pangani, kinachonijia kwanza ni rangi ya maji pale mto unapoingia baharini, watu na nyumba vinafuata baadaye.

Tofauti yetu ipo, na sitaificha. Kwa miaka karibu 40 Uslé amekuwa akigawa maisha yake kati ya New York na Saro, kijiji cha Cantabria. Anakwenda na kurudi. Hapa Madrid nawafahamu wenzetu wanaosubiri karatasi, ambao wameshindwa kwenda kuwazika wazazi wao kwa hofu ya kutoruhusiwa kuingia tena. Uhamiaji wenye pasipoti nzuri ni kitu kingine kabisa, na naamini hata utulivu ule wa mkono, wa kusubiri pigo baada ya pigo, unahitaji mtu asiyeogopa mlango kugongwa.

Hata hivyo wivu wangu mkubwa hauko kwenye pasipoti. Uko kwenye kuta. Nikitoka kazini naingia makumbusho ya Reina Sofía, ambako saa mbili za mwisho, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 3 usiku, kiingilio ni bure kila siku ya Jumatatu na Jumatano hadi Jumamosi. Nalea wazee, nina sare ya kazi kwenye begi, na hakuna anayeniuliza nimefuata nini. Mwaka 2002 Wizara ya Utamaduni ilimpa Uslé Tuzo ya Taifa ya sanaa. Taifa lilimtazama mchoraji wa mistari likasema huyu ni wetu.

Sisi Edward Saidi Tingatinga tulimtendea nini? Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vipande vya ubao, akiuza Oyster Bay kwa wageni. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka 4 tu ya kazi, na kazi zake nyingi za asili ziko mikononi mwa wakusanyaji wa nje. Waliomfuata wakaendelea kuchora twiga na tembo kwa sababu mnunuzi ni mtalii, na mtalii anataka kitu kitakachoingia kwenye sanduku. Siwalaumu hata kidogo, watoto lazima wale. Lakini kijana wa Mikocheni anayetaka kuchora mistari tu, mwaka baada ya mwaka, atamuuzia nani?

Msiniambie Ulaya wana pesa. Mwaka 1966, Uhispania ikiwa bado chini ya dikteta Franco, mchoraji mmoja mzaliwa wa Manila, Fernando Zóbel, alifungua makumbusho ya sanaa dhahania, yaani picha zisizo “za kitu” kama hizi za Uslé, huko Cuenca, mji mdogo juu ya majabali. Picha alikuwa amezinunua mwenyewe kwa wachoraji wenzake. Nyumba zilikuwa za kale, zinaning'inia juu ya bonde, na mji ndio uliozitoa. Nimekwenda. Vyumba ni vidogo, dirisha moja linatazama korongo, na mwanga unaingia bila kelele. Hadi leo watu wanapanda treni kutoka Madrid kwenda kuona.

Pangani tuna nyumba za kale za mawe zinazobomoka kando ya mto. Bagamoyo wanazo, na chuo cha sanaa wanacho pale pale. Wachoraji wapo, Nafasi Art Space, kituo cha wasanii Dar es Salaam, wamejaa. Wanatanga mlio Muscat, Leicester, Minneapolis, hapa Madrid: yupi kati yenu ana nyumba ya ukoo iliyofungwa Pangani, na yupi yuko tayari kununua picha ya kwanza na kuiacha ukutani kule kule? Mimi ya kwangu nimeshaanza kuiwekea akiba.