Helikopta ya majeruhi: nani aamue itue?

Tarehe 1 Julai 1964, wakati wa vita vya Vietnam, karibu na Vinh Long katika delta ya Mekong, Meja Charles Kelly wa Jeshi la Marekani alikuwa anashusha helikopta yake kuwachukua majeruhi. Risasi zilikuwa nyingi, na mshauri wa kijeshi aliyekuwa chini akamwambia kwa redio aondoke. Kelly akamjibu kwamba ataondoka akishawapakia majeruhi. Risasi ikapita kwenye mlango uliokuwa wazi, ikamuua, na helikopta ikaanguka. Wenzake waliokuwa ndani walinusurika.

Jibu lile likawa sheria isiyoandikwa kwa marubani wa Dustoff, jina walilotumia redioni waliorusha helikopta za majeruhi nchini Vietnam. Wanaowasifu huanzia hapo na mara nyingi huishia hapo. Nami nawaheshimu kutoka moyoni. Lakini katika helikopta ile walipanda watu wanne: rubani, rubani msaidizi, tabibu na fundi wa ndege. Wawili wa mwisho hawashiki usukani. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hapa kilio huweza kwenda nyumba nne kwa uamuzi wa mtu mmoja. Na asipotua, kilio huenda nyumbani kwa yule aliyelala mpungani akivuja damu. Hakuna nyumba ya kicheko.

Hatari yenyewe haikuwa ya maneno. Historia rasmi ya jeshi hilo inasema marubani wapatao 1,400 walirusha helikopta za majeruhi katika vita hivyo, na zaidi kidogo ya theluthi yao waliuawa au kuumia, wengine kwa risasi, wengine kwa ajali za usiku na hali mbaya ya hewa. Msalaba mwekundu haukuwakinga. Mkataba wa Geneva wa 1949 unailinda ndege ya majeruhi ikiruka kwa njia, kimo na saa ambazo pande zote mbili zimekubaliana, na makubaliano hayo hayapatikani katikati ya mapigano ya ghafla.

Kwa hiyo waliokataa kutua hawakuwa na hoja dhaifu. Tarehe 14 Novemba 1965, katika bonde la Ia Drang, helikopta za majeruhi hazikuingia kwenye uwanja uliokuwa ukimiminiwa risasi. Utaratibu wao ulidai eneo liwe salama kwanza. Helikopta moja ikiteketea, majeruhi wa kesho nao wamepoteza usafiri, pamoja na tabibu wao. Hesabu hiyo ni ya kweli. Ila siku ile ile Bruce Crandall na Ed Freeman, ambao kazi yao ilikuwa kusafirisha askari na wala si majeruhi, waliingia mara kwa mara na helikopta zisizo na silaha. Walishusha risasi na maji, wakapakia majeruhi zaidi ya 70. Inaniuma kukiri kwamba utaratibu ulikuwa na mantiki na bado watu hao 70 wangeweza kufa kwa sababu yake.

Anayenisaidia kupima pande hizi ni Michael Novosel, rubani mwingine wa Dustoff. Tarehe 2 Oktoba 1969, akiwa na umri wa miaka 47, aliwatoa askari 29 wa Vietnam Kusini karibu na mpaka wa Kambodia. Nishani yake inataja kwamba alishuka kuokoa watu mara 15. Inataja pia jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka: mara sita moto wa adui ulimfukuza, naye akaondoka, akazunguka, akarudi kwa upande mwingine. Kwangu mimi, zile mara sita ndizo zinazomtofautisha na mtu anayejitupa tu. Kelly alijifunga kwa neno lake. Novosel alijiachia nafasi ya kurudi nyuma, na hakuna anayeweza kumwita mwoga. Tukiligeuza jibu la Kelly kuwa kipimo cha kila rubani kijana, tunamnyima nafasi hiyo.

Ushujaa pia unaweza kuwafichia wakubwa uzembe wao. Mwaka 2009, Robert Gates, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliagiza askari waliojeruhiwa vibaya nchini Afghanistan wafikishwe hospitalini ndani ya dakika 60. Helikopta zikaongezwa, vituo vya upasuaji vikasogezwa karibu. Muda wa kati wa kumfikisha majeruhi ulishuka kutoka dakika 90 hadi 43, na vifo vikapungua. Marubani walikuwa jasiri kabla ya agizo na baada yake. Kilichokuwa kimepungua ni vifaa na nia ya wakubwa.

Hata hivyo, agizo lile liliwezekana kwa sababu anga lilikuwa mikononi mwa Wamarekani. Nchini Ukraine, droni na makombora yameifanya helikopta ishindwe kukaribia mstari wa mbele. Majeruhi husubiri saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa, kisha huondolewa kwa magari, kwa machela, hata kwa roboti za magurudumu. Swali la Vinh Long sasa limemwangukia dereva wa gari la majeruhi, ambaye naye hapandi peke yake.