Miwani pekee haimalizi uoni hafifu
Makala inasema mwenye uoni hafifu akipata miwani sahihi shida yake imekwisha. Hapo sikubaliani. Uoni hafifu ni shida inayobaki hata baada ya miwani, dawa au upasuaji: jicho lililo bora linaona chini ya 6/18, yaani likiwa mita 6 halisomi herufi ambazo jicho zima huzisoma likiwa mita 18, au upeo wa kuona umebanwa sana. Mama yangu mkubwa hapa Newala ana presha ya macho. Mbele anaona, pembeni giza, kwa hiyo anaokota korosho vizuri kisha anajikwaa kwenye ndoo, na majirani wanasema anajifanya. Maneno hayo yanamuumiza mno. Matone anatia kila siku. Hayarudishi uoni uliopotea, yanalinda uliobaki. Kilichomrahisishia maisha ni ukingo wa ngazi za barazani kupakwa chokaa, ugali kuwekwa kwenye sahani ya rangi nzito, na vitu kutohamishwa bila kumwambia. Wanaonitia hofu zaidi ni watoto: anayesogeza daftari hadi puani anaitwa mzembe, kumbe dawati la mbele na lenzi ya kukuzia vingemsaidia kusoma. Walimu wa Mtwara na Lindi mliomo humu, mtoto wa namna hiyo mnamsaidiaje darasani?