Mjusi wa Tendaguru: mifupa halisi au nakala?

Suala la mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyotoka Tanzania, likitajwa bungeni, mjadala huishia palepale: arudi au abaki Ujerumani? Atawekwaje akirudi, hilo halipewi muda, na kwa anayepanga onyesho la visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) ndilo zito zaidi.

Mifupa ile ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mamia ya vibarua, wakisimamiwa na watu kama Boheti bin Amrani, waliitoa ardhini na kuifunga, kisha wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku nne hadi bandarini. Leo mjusi amesimama Berlin, kimo chake kinapita mita 13.

Wanaosema nakala zinatosha wana hoja. Hata huko Berlin, fuvu na pingili za shingo na mgongo unazoziona kwenye mjusi aliyesimama ni za kutengenezwa, maana zile halisi ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa. Nyayo za viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu zilizopo Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilifukiwa tena zisije zikaharibika. Mgeni anayefika makumbusho ya Olduvai, jirani na hapo, huoneshwa nakala yake. Tena nakala inashikika: mtoto asiyeona ataupapasa mfupa wa paja kuanzia gotini hadi nyongani na kuuelewa ukubwa wake, jambo ambalo hakuna atakayemruhusu kulifanya kwenye mfupa halisi.

Ila nakala ya plasta ina sura tu. Mfupa halisi ukikatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini, unaonyesha mnyama alivyokua. Kwa hiyo palipo na mifupa ndipo watafiti wanapokwenda, na ndipo maabara, ajira na mafunzo vinapojengeka. Tukipewa nakala peke yake tutapata watalii, sawa, lakini utaalamu utabaki kulekule uliko. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoridhika na plasta.

Kwa maoni yangu, mjusi mzima asimame kwa nakala, na kila kipande kiandikwe wazi kuwa ni nakala. Pembeni yake iwepo mifupa halisi, hata michache, ndani ya kabati la kioo linalodhibiti unyevu, na majina ya wachimbaji yanayojulikana yaandikwe kwa herufi kubwa kama ya maprofesa. Fedha za mwanzo ziende kwenye karakana ya kusafishia na kuhifadhi mifupa pamoja na mishahara ya vijana watakaosomea kazi hiyo. Ukumbi wa maonyesho ufuate baadaye.