Si Jini, Ni Kapasita

Najua jamaa yangu fundi wa simu keshawafikishia yake: eti jana alasiri nimepandwa na jini barazani huku Langoni, nikampiga teke mzee wa watu. Mzee sikumgusa. Nilipiga teke bao. Na hapakuwa na jini, palikuwa na kapasita ya flashi, kile kidude cha kuhifadhi umeme wa flashi, yenye volti kama 300.

Ni ile kamera yangu ndogo ya mfukoni, naigeuza ipige picha za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Sensa yenyewe, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, huona mwanga hadi urefu wa wimbi wa kama nanomita 1100, jicho letu huishia kwenye 700 hivi. Ndiyo maana kiwandani huitilia kigae cha kioo cha rangi ya kijani-samawati cha kuzuia infraredi. Hicho ndicho unachokitoa.

Betri na kadi nje kwanza. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa mahali zilipotoka, maana hazilingani. Ndefu ukiitia pa fupi, umetoboa skrini. Bamba la sensa likiwa na springi, hesabu mizunguko ya skrubu zake unapolilegeza, la sivyo picha itakuwa kali upande mmoja tu. Kioo kinakaa ndani ya fremu ya mpira, kinainuliwa kwa kijiti cha meno. Ukishakitoa, weka kioo kisafi cha unene uleule, ama lenzi itashindwa kufika mbali na kamera itaona vya karibu peke yake. Cha kuzuia mwanga wa kawaida ni ile ncha nyeusi ya filamu ya rangi iliyokwisha safishwa, vipande viwili, mbele ya lenzi.

Kapasita nilikuwa nimeshaimaliza umeme, mnaotaka kunifunza tulieni. Rezista ya kilo-omu 1, wati 5, kwenye miguu yake miwili kwa sekunde kadhaa, kisha nikapima kwa mita. (Nyinyi wa kuimaliza kwa kugusisha bisibisi, cheche ile inakula ncha na bodi pia.)

Halafu nikaijaribu ikiwa bado uchi. Betri ndani, nikawasha, nikaielekezea rimoti ya tivii. Taa ya rimoti ikaonekana kwenye skrini inawaka kweupe, mpaka wazee wakaacha bao kutazama. Nikavimba kichwa. Nikazima, nikatoa betri.

Sasa, kamera hizi ukiziwasha tu zinajaza flashi zenyewe, hata picha hujapiga. Na kuitoa betri hakuimwagi kapasita. Inaweza kukaa na moto wake siku nzima.

Nikainyanyua kwa vidole kama sambusa iliyotoka karaini. Dole gumba likatua kwenye mguu mmoja wa kapasita. Kimya. Cha shahada kikateleza, taratibu, kikaufikia wa pili.

Tak!

Mkono ukakunjika wenyewe hadi begani. Mguu, ambao haukuhusika kabisa, ukaruka ukaingia chini ya ubao. Nikauona ubao ukipanda. Nikaziona komwe, zile kete za bao, zikipanda nao, moja moja, na nyuma yake uso wa Mzee, aliyekuwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, wa nyumba ya mwenziwe, lile shimo kubwa la bao, mkono umeshanyooka. Komwe moja ikatumbukia kikombeni mwa muuza kahawa. Hapo ndipo nilipopiga ukelele. Jamaa anasema nilimwita mama. Mwongo! Nilimwita bibi, Mungu amrehemu, na wala hakuitika.

Basi, mkono umepona, kamera nzima. Mizani ya nyeupe, yaani kuiambia kamera kipi ikione cheupe, nimeipimia kwenye majani mabichi, si karatasi, na minazi ya Shela imetoka myeupe pe. Buibui jeusi la shangazi limetoka kijivu; kaniamuru niifute picha.

Ila kete za bao ni 64 na tumeokota 63. Mwenye komwe nyumbani aniletee leo kabla ya alasiri. Mzee amekataa kokoto, na mwenziwe ameshaanza kusema ule mtaji haukuwepo.